Bolti ya 14 si M14: kutafuta bolti sahihi na kuokoa uzi uliokufa kwenye injini

Ukienda duka la bolti pale Gerezani, Dar es Salaam, ukasema "Naomba bolti ya 14", muuzaji akakuletea M14 nene kama kidole gumba, hajakosea. Wewe fundi unaiita bolti kwa spana inayoifungua, yeye anaiita kwa unene wa shina lake. Kwenye Toyota, bolti ya spana 14 ina unene wa milimita 10, yaani M10. Ya spana 12 ni M8, ya spana 10 ni M6, na ya spana 17 mara nyingi ni M12. Ukitoka dukani na bolti isiyo yake kwa sababu ya neno moja, tundu la injini ndilo litakalolipa.

Naanza na hilo kwa sababu matundu mengi ninayoletewa kutengeneza hayakufa kwa uzee. Yaliuawa na bolti iliyokaribia kufanana na ile yake. Kwa hiyo kutafuta bolti na kutengeneza uzi, yale meno ya bolti na ya tundu, kwangu ni kazi moja, na nitaieleza hivyo.

Niliwahi kuletewa Toyota Probox iliyokuwa inalia mkanda kila asubuhi. Nikaishika altaneta kwa mkono, ikacheza. Bolti yake kubwa ilikuwa na kichwa cha spana 17, na nilipoipa spana ikazunguka bure, haikazi wala hailegei. Kichwa tu kilitosha kunitia shaka, maana bolti ya pale hufunguliwa kwa spana 14. Niliivuta huku naizungusha mpaka ikatoka, na uzi wa tundu ukatoka nayo: nyuzi nyembamba za alumini zinazong'aa, zimejisokota kwenye meno ya bolti kama chuma cha kusugulia sufuria. Kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, ikasoma M10. Geji ya uzi, vile vibati vyenye meno vya kupimia nafasi kati ya jino na jino, ikakaa sawasawa kwenye 1.5. Tundu lile ni la M10 × 1.25, yaani unene milimita 10, nafasi ya meno 1.25.

Aliyeifunga hakukusudia ubaya. Bolti ya M10 × 1.5 huingia kwenye tundu la 1.25 kwa vidole, mzunguko wa kwanza, pengine wa pili, kisha inagoma. Hapo mtu anadhani ni kutu. Anachukua spana, spana nayo ikigoma anachomeka bomba kwenye mkia wa spana. Bomba linashinda, kwa sababu alumini haina ubavu mbele ya chuma.

Kabla hujafungua chochote

Kata kipande cha boksi, lile la karatasi ngumu lililokuja na kipuri. Chora juu yake umbo la kava unayofungua, toboa matundu kwa bisibisi mahali bolti zinapokaa, na kila unayoitoa ichomeke kwenye tundu lake. Kava ya cheni ya taimingi ina bolti za urefu tofauti tofauti, na hakuna kichwa cha binadamu kinachokumbuka zote baada ya siku tatu za kusubiri gasketi. Bolti ndefu ikikaa mahali pa fupi, inafika mwisho wa tundu kabla haijabana kava: wewe unasikia imekaza, kava inavuja. Ukiendelea kukaza, unapasua bloki kwa ndani. Fupi ikikaa mahali pa ndefu, inashika meno matatu tu, na meno matatu ya alumini hayahimili.

Bolti iliyogoma kufunguka usiivunje kwa haraka. Ipige kichwani kwa nyundo na panchi mara kadhaa, uimwagie mafuta ya kupenya, uiache. Ikilegea robo mzunguko kisha ikakaza tena, irudishe ndani kidogo, ongeza mafuta, itoe tena. Nenda rudi, nenda rudi. Kazi ya dakika kumi hapo inaokoa kazi ya siku nzima.

Kuijua bolti uliyoishika

Unene. Pima kwa kalipa juu ya meno. Haitasoma namba kamili: M8 husoma kama 7.8 au 7.9, M10 kama 9.8 au 9.9. Pima sehemu yenye uzi mzima, siyo iliyolika.

Uzi. Hiki ndicho kipimo kinachosahaulika, na ndicho kinachoua. Ni nafasi kutoka jino moja hadi jino linalofuata. Magari ya Kijapani kwa kawaida yanatumia M6 × 1.0, M8 × 1.25, M10 × 1.25 na M12 × 1.25. Angalia vizuri hizo mbili za mwisho. Kwenye duka la vifaa vya ujenzi, M10 ya kawaida ni 1.5 na M12 ya kawaida ni 1.75, yaani uzi mpana. M6 na M8 zinafanana kote, ndiyo maana makosa mengi hutokea kwenye M10. Kama huna geji ya uzi, pima urefu wa meno kumi kwa kalipa: ukipata milimita 12.5 ni uzi wa 1.25, ukipata 15 ni wa 1.5. Kama huna hata kalipa, chukua bolti unayoiamini, ilaze ubavu kwa ubavu na unayoichunguza, meno kwa meno, uziinue kuelekea mwanga. Zikilalana bila mwanga kupita, uzi ni mmoja. Zikipishana baada ya meno manne au matano, achana nayo.

Urefu. Pima kutoka chini ya kichwa hadi ncha, kichwa usikihesabu. Isipokuwa bolti ya kichwa kinachozama, hiyo hupimwa yote.

Nguvu. Soma kichwa. Ikiandikwa 8.8, namba ya kwanza inakwambia chuma chake hukatika kwenye mvuto wa takriban megapaskali 800, na ya pili inakwambia huanza kuvutika bila kurudi kwenye asilimia 80 ya hapo, yaani 640. 10.9 ni 1000 na 900. Toyota mara nyingi huweka namba moja tu kichwani: 4, 7, 8, 9 na kuendelea. Yenye 4 ni laini, kazi yake ni kushika vitu vyepesi. Yenye 7 inashika vitu vizito zaidi, na juu ya hapo vivyo hivyo. Kichwa kitupu kisicho na alama yoyote kichukulie kuwa ni bolti ya kufungia mabati, na usiifunge kwenye injini mahali panapobeba mzigo.

Mwisho angalia umbo. Je, ina kola pana chini ya kichwa? Ina washa (kile kiduara cha chuma) isiyotoka? Shina limepunguzwa katikati? Ncha imechongwa bila uzi ili iingie kwa urahisi? Hayo yote yaliwekwa kwa sababu. Bolti ya kola ukiibadilisha na ya kichwa kidogo bila washa, kichwa kitazama kwenye alumini na baada ya wiki kitalegea.

Neno kuhusu trekta na magari ya zamani ya Kiingereza. Massey Ferguson za zamani na Land Rover za zamani zina bolti za inchi. Bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.94, kwa kalipa utaapa ni M8. Uzi wake ni tofauti kabisa. Kwa mashine hizo geji ya uzi ni lazima, siyo hiari.

Pa kuitafuta

Nenda na bolti ya zamani mkononi, au ile pacha yake iliyo salama upande wa pili wa kifaa. Nenda pia na nati unayojua inaingia. Picha ya simu haitoshi, simu haipimi uzi.

Mahali pa kwanza ninapotafuta ni kwenye injini ya used. Ilala, mitaa ya Shauri Moyo, kuna injini na vichwa vya injini vilivyofunguliwa, na bolti zake zimebaki kwenye ndoo na makopo. Nairobi watu wanajua Kirinyaga Road, Kampala wanajua Kisekka. Bolti iliyotoka kwenye injini ya aina ile ile ina uzi wake, nguvu yake, kola yake na urefu wake, vyote kwa pamoja. Ninachokagua ni kwamba haijavutika na meno hayajalika. Naisugua kwa brashi ya waya, nafunga nati kwa vidole kutoka ncha hadi mwisho wa uzi. Nati ikizunguka laini mwanzo mwisho, naichukua. Ikikaza katikati, shina limevutika pale, inarudi kwenye ndoo.

Mahali pa pili ni kwa wenye spea mpya, kwa namba ya kipuri. Bolti za Toyota zina namba kama spea nyingine yoyote, nyingi zikianza na 90105 au 90119. Bolti ya kumwagia oili inayotumika kwenye magari mengi ya Toyota ni 90341-12012, na washa yake ni 90430-12031. Ukimpa muuzaji namba ya chasisi akaitafuta kwenye katalogi, hakuna kubahatisha. Bei iko juu, lakini kwa bolti za ndani ya injini hapo ndipo pa kwenda.

Mahali pa tatu ni duka la bolti. Maduka haya yanafaa sana, mradi ujue kusema.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana, nikusaidie nini?"

"Natafuta M10, uzi moja na robo, urefu 40, nane nukta nane, kichwa cha 14 ukiwa nacho."

"Uzi mwembamba kichwa cha 14 kimeisha. Nina cha 17, uzi ule ule."

Hapo unaweza kuichukua, kwa sababu kichwa si kitu kama boksi spana inapata nafasi ya kuingia. Uzi na nguvu ndivyo visivyobadilishwa. Lakini jaribu nati yako kwenye kila bolti unayonunua kabla hujalipa, hata zikiwa kumi za boksi moja.

Stenlesi inavutia macho na haishiki kutu. Pamoja na hayo siitumii kwenye injini ya alumini. Ile ya kawaida ina nguvu pungufu kuliko 8.8, na ikikaa ndani ya alumini pamoja na unyevu inaila alumini polepole mpaka inaganda. Pale ambapo mtengenezaji aliweka chuma cha kawaida, weka chuma cha kawaida.

Kulikagua tundu kabla ya kufunga

Safisha tundu kwa dawa ya kabureta, kisha upepo wa kompresa, macho ukiwa umeyakinga. Hasa tundu lisilotoboka upande wa pili. Likibaki na oili au maji chini, bolti ikishuka inageuka pistoni: kimiminika hakibaniki, presha inapanda, na bloki inapasuka bila wewe kusikia chochote isipokuwa "tik" ndogo. Pima kina kwa kijiti chembamba, ulinganishe na bolti pamoja na unene wa kifaa kinachofungwa. Kwenye alumini nataka bolti ishike meno kwa urefu wa mara moja na nusu ya unene wake au zaidi, yaani M8 ishike milimita 12 na kuendelea. Kwenye chuma cha kutupwa, yaani kilichomiminwa kwenye kalibu, urefu sawa na unene wake unatosha.

Kisha ingiza bolti kwa vidole. Kwa vidole, siyo kwa spana. Anza kwa kuizungusha kinyume, kama unafungua, mpaka usikie inadondoka kidogo. Hapo jino la bolti limekutana na mwanzo wa jino la tundu. Sasa geuza mbele. Ikishuka yote kwa vidole, tundu ni zima. Ikikwama, itoe na uangalie kwa tochi.

Uzi umekufa kiasi gani?

Kama meno ya kwanza mawili matatu yamepinda tu na ya chini ni mazima, hutaki kukata chuma kipya, unataka kunyoosha kilichopo. Tepu ni kifaa cha kukatia uzi ndani ya tundu, na ipo tepu ya kusafishia uzi, ambayo haikati kwa ukali. Ukiikosa, chukua bolti nzima ya saizi ile ile, ikate mifereji miwili mitatu kwa urefu wake kwa tupa ya pembe tatu, uipake oili uishushe taratibu. Mifereji inabeba uchafu. Nimeokoa matundu mengi kwa bolti ya namna hiyo.

Kama meno ya juu yamekwisha lakini tundu ni refu na chini kuna uzi ambao bolti ya zamani haikufika, bolti ndefu zaidi kwa milimita tano inaweza kutosha. Pima kina kwanza.

Kama uzi umetoka wote, kama ule wa Probox, unajenga uzi mpya. Njia ninayoiamini kwa kazi nyingi ni Helicoil, ile springi ya stenlesi inayokaa ndani ya tundu na kugeuka kuwa uzi. Ikifungwa vizuri ndani ya alumini inashika kuliko uzi wa alumini wa mwanzo, maana inashika alumini kwa upana mkubwa zaidi.

Mambo ya kijiweni nitayataja kwa kifupi: kuzungushia waya wa umeme kwenye bolti, karatasi ya sigara, gundi ya chuma, kupiga mdomo wa tundu kwa panchi ili libane. Yote yanashika mpaka injini ipate joto. Kisha bolti inatoka njiani, na mteja anakaa barabarani Chalinze usiku na watoto kwenye gari. Usifanye.

Kufunga Helicoil, hatua kwa hatua

Kifurushi kina drili yake, tepu yake, kifungio na springi. Tepu hiyo si ya kawaida: kwa M8 inakata tundu kubwa kuliko M8, ili springi ikikaa ndani ibaki nafasi ya M8 kamili. Tepu ya kawaida haiwezi kuchukua nafasi yake. Hakikisha kifurushi kimeandikwa uzi sahihi; cha M10 × 1.5 kitakurudisha kule kule.

1. Toboa kwa drili ya kifurushi. Kwa M8 × 1.25 huwa ni 8.3 au 8.4, kwa M10 × 1.25 karibu 10.3. Funga utepe kwenye drili kuonyesha kina, usije ukatoboa mpaka njia ya maji au ya oili. Unyoofu ndio kila kitu hapa. Ukiweza toa kifaa ukiweke chini ya keekee ya kusimama. Ukishindwa, tumia kipande cha chuma kilichotobolewa wima kama mwongozo, ukifunge juu ya tundu kwa bolti ya jirani, drili ipite humo.

2. Kata uzi kwa tepu. Alumini inapenda mafuta ya taa au dizeli, chuma cha pua kinapenda oili, na chuma cha kutupwa kikatwe kikavu. Nusu mzunguko mbele, robo nyuma kuvunja mabaki. Baada ya mizunguko mitatu minne toa tepu yote, ifute, rudi. Mkono ukisikia inang'ang'ania usiisukume. Tepu ni ngumu lakini inakatika kama kioo, na tepu iliyokatikia ndani ya tundu ni msiba mkubwa kuliko ule uliouanza.

3. Puliza tundu kwa upepo mpaka lisitoe hata chembe. Osha, puliza tena.

4. Weka springi kwenye kifungio, ule mkia mdogo wa chini ukikaa kwenye ufa wake. Izungushe ndani kwa vidole viwili bila kuisukuma kwenda chini. Ukisukuma inaruka jino. Iache mdomo wake uwe chini ya uso wa tundu kwa robo hadi nusu mzunguko. Ikibaki juu ya uso, kifaa hakitalala sawa.

5. Vunja ule mkia kwa pigo moja la panchi la kifurushi na uutoe kwa sumaku au koleo nyembamba. Stenlesi nyingi hazishikwi na sumaku vizuri, kwa hiyo hakikisha kwa macho kwamba umetoka.

6. Shusha bolti mpya kwa vidole mpaka mwisho. Ikishuka laini, umemaliza.

Kwa mahali panapobeba mzigo mkubwa au panapofunguliwa mara kwa mara, bushi nzima ya chuma, kama Time-Sert, ni bora kuliko springi: ina kola juu inayoizuia kushuka na haiwezi kujiviringisha nje pamoja na bolti. Ukiikosa, fundi wa kukereza anaweza kukuchongea bushi yenye uzi nje na ndani. Mpelekee bolti na kipimo cha nafasi iliyopo kuzunguka tundu, maana ukuta wa alumini ukibaki mwembamba chini ya milimita mbili tatu utapasuka ukikaza.

Kupanua tundu kwenda saizi ya juu, M10 iwe M12, nafanya mara chache. Inakulazimu utoboe na kile kinachofungwa, na fundi atakayefuata hatajua kwa nini bolti moja haifanani na wenzake.

Tundu la plagi na la sampu

Plagi nyingi za magari ni M14 × 1.25, za pikipiki nyingi ni M10 × 1.0 au M12 × 1.25. Tundu la plagi likiharibika, nashauri kutoa silinda hedi, yaani kichwa cha injini. Najua mteja hatapenda kusikia. Lakini kila chembe ya alumini inayodondoka inaangukia juu ya pistoni. Ukilazimika kufanya hedi ikiwa juu ya injini, jaza grisi kwenye mifereji ya tepu, kata kidogo, toa, futa, paka tena, na mwisho nyonya silinda kwa mpira mwembamba. Springi ya kawaida yenye mkia haifai hapo, tumia bushi nzima ya plagi. Na ili usirudi: plagi ianze kwa kipande cha mpira wa mafuta uliouchomeka nyuma yake. Ikipinda, mpira utateleza mkononi kabla uzi haujaumia. Kukaza kwenye hedi ya alumini, plagi ya M14 yenye washa ni Nm (nyutoni mita, kipimo cha kukaza) 25 hadi 30 na ya M10 ni 10 hadi 12, kama kitabu cha gari hakisemi vingine.

Sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, huuawa na wamwaga oili wanaokaza kwa mkono wote. Kagua kwanza bolti yenyewe, mara nyingi uzi wa bolti ndio uliokufa na wa sampu bado mzima. Badilisha bolti na washa. Zipo bolti za sampu zilizozidi unene kidogo zinazojikatia uzi. Naziona kama njia ya kumfikisha mteja kwenye sampu nyingine, siyo matengenezo.

Bolti iliyokatikia ndani

Ikiwa imebaki juu ya uso hata milimita tatu, weka nati juu yake na uchomelee kwa ndani ya nati. Joto linaivunja ile kutu na nati inakupa mahali pa spana. Iache ipoe mpaka wekundu uishe, kisha izungushe nenda rudi.

Ikiwa imekatika chini ya uso, isawazishe kwa tupa au drili bapa, piga panchi katikati kabisa, toboa kwa drili ndogo kisha kubwa. Drili inayokata kwa kuzunguka kushoto ukiipata ni neema, mara nyingine inaizungusha bolti na kuitoa yenyewe. Vile vyuma vyenye meno ya kushoto vya kutolea bolti vitumie kwa bolti iliyolegea tayari. Vikikatikia ndani, drili ya kawaida haiviwezi, na itabidi upeleke kifaa kwenye karakana yenye mashine.

Bolti za hedi

Hapa sitafuti duka la bolti kabisa. Injini ambazo kitabu kinasema kaza kwa Nm fulani kisha zungusha digrii 90, na tena 90, bolti zake huvutika kidogo kila zinapofungwa. Kitabu kinatoa kipimo cha urefu au cha wembamba wa shina ambacho bolti ikikifikia inatupwa. Pima kila moja. Kama kitabu kinasema zibadilishwe kila mara, zibadilishe.

Na kwa wenye Harrier, Alphard, Ipsum au RAV4 zenye injini ya 2AZ-FE: kwenye zile za miaka ya mwanzo ya 2000 uzi wa bolti za hedi hutoka kwenye bloki ya alumini, hasa upande wa nyuma, ule wa ukuta wa kabini. Maji yanapungua, injini inachemka, gasketi inabadilishwa, na tatizo linarudi kwa sababu bolti haibani tena. Ukifungua hedi hiyo chunguza meno ya kila bolti. Ukiona alumini imeng'ang'ania hata moja, matundu yote yanahitaji bushi, siyo lile moja. Bolti zake ni M11 × 1.5, saizi ambayo hutaikuta kwenye ndoo ya dukani, na kuna vifurushi vya bushi vilivyotengenezwa kwa ajili ya bloki hiyo pamoja na bamba la kuongozea drili. Bila bamba hilo usianze.

Kukaza

Kwa bolti za 8.8, ukiwa huna kitabu, M6 ni karibu Nm 10, M8 karibu 25, M10 karibu 50, uzi ukiwa mkavu na msafi. Ukipaka oili, kwa namba ile ile bolti inavutwa zaidi, kwa hiyo usipake ambapo kitabu hakijasema. Kwenye alumini laini, hasa M6 za kava ya valvu, kaa chini ya hapo. Anza bolti zote kwa vidole, halafu kaza kwa kupishana kutoka katikati kwenda nje, kwa awamu mbili au tatu.

Ile Probox niliitolea bolti kwenye injini ya used ya aina yake, spana 14, kola yake ikiwa nzima, na tundu likapata Helicoil ya M10 × 1.25. Nilipomaliza niliwasha injini mpaka feni ikaingia, nikazima, nikaacha ipoe kabisa, nikarudi na spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kuhakikisha haijasogea. Haikusogea. Ile bolti ya spana 17 nimeitundika kwa waya ukutani na nyuzi zake za alumini, na kijana yeyote anayekuja kujifunza kazi kwangu naanza kwa kumkabidhi hiyo na geji ya uzi, aniambie ni saizi gani.